Kuitafuta kalsitonini ndani ya tezi: mwongozo kamili wa kupaka kingamwili, kutoka maabara ya Bukavu

Slaidi ya kwanza niliyojivunia ilikuwa ya uongo. Ilitoka kwenye rovu kubwa (uvimbe wa tezi ya thairoidi shingoni) la mama mmoja aliyepasuliwa hapa Bukavu. Nilipoiweka chini ya darubini, baada ya kuipaka kingamwili dhidi ya kalsitonini, homoni ya tezi hiyo, niliona madoa ya kahawia yaliyojaa ndani ya seli, mazuri ajabu. Nikakimbia kumwita mzee aliyekuwa akitufundisha. Alitazama, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mdogo wangu, slaidi isiyopakwa kingamwili iko wapi?"

Haikuwepo. Tuliitengeneza kesho yake, na madoa yalikuwa palepale, kahawia ileile. Kilikuwa chuma cha damu ya zamani iliyovuja ndani ya rovu, yaani hemosiderini. Homoni haikuwamo hata chembe.

Tangu siku hiyo naishuku rangi ya kahawia, na mwongozo huu umeandikwa kwa shuku hiyo. Umekusudiwa fundi wa maabara au mwanafunzi wa patholojia mwenye darubini nzuri, mikrotomu ya mkono, frigo inayozimika umeme ukikatika, na bajeti ndogo.

Kwa nini kalsitonini

Kalsitonini ni homoni ya peptidi yenye asidi amino 32. Harold Copp aliitangaza mwaka 1962. Mwaka 1967 Bussolati na Pearse walitumia kingamwili zenye mwanga kuonyesha mahali inapokaa: ndani ya seli C za tezi ya thairoidi, katika nguruwe na mbwa. Kazi tunayoifanya leo ni mjukuu wa jaribio hilo.

Kivu ni nchi ya marovu. Kisiwa cha Idjwi, hapo mbele yetu ziwani, kimechunguzwa tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya rovu linalotokana na upungufu wa iodini, huku muhogo ukizidisha tatizo. Marovu hayo kwa wingi wake si saratani, na uvimbe wa seli C hausababishwi na ukosefu wa iodini. Lakini tezi zikipasuliwa nyingi, siku moja utaipata ile ambayo haifanani na wenzake: seli zimekaa makundi makundi au zimerefuka kama uzi, hazitengenezi vifuko, na katikati yake kuna kitu cha waridi kisicho na umbo. Huenda ni saratani ya medula, iliyoelezwa kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1959. Kuitenga na nyingine si jambo la vitabuni tu. Seli C hazivuti iodini, kwa hiyo tiba ya iodini yenye mnururisho haiigusi. Na takriban robo ya wagonjwa wameirithi, maana yake watoto na ndugu zao nao wanahitaji kupimwa.

Kazi yenyewe kwa maneno machache

Kingamwili ya kwanza inashika peptidi iliyofungiwa ndani ya tishu. Ya pili inashika ile ya kwanza, nayo imebeba mnyororo wa polima uliojaa kimeng'enya cha peroksidasi. Ukimwaga DAB (kemikali ya kutoa rangi) pamoja na peroksidi ya haidrojeni, kimeng'enya kinaigeuza DAB kuwa unga wa kahawia usioyeyuka, na unga huo unaganda pale pale kilipo kimeng'enya. Lugha ya kitaalamu inaiita imunohistokemia.

Shida ni kwamba kuna njia nyingi za kupata kahawia bila peptidi, na njia nyingi za kuikosa peptidi iliyopo. Kila hatua hapa chini inaziba mojawapo.

Kununua kingamwili bila kudanganyika

Usinunue kwa bei tu. Soma karatasi ya kingamwili na utafute mambo haya: imejaribiwa kwenye tishu ya binadamu iliyofungwa kwenye parafini (kingamwili nyingi nzuri za kupimia damu hazifanyi kazi humo), imetoka kwa mnyama gani, sungura au panya, na imetengenezwa dhidi ya kipande gani cha peptidi.

Hilo la mwisho ndilo watu huliruka, na kwa homoni za peptidi ndilo zito kuliko yote. Homoni hizi zina jamaa. Jeni la kalsitonini lenyewe hutoa pia peptidi nyingine yenye asidi amino 37, iitwayo CGRP, kwa kukatwa tofauti. Kalsitonini nayo inakatwa kutoka kwa prokalsitonini yenye asidi amino 116, hivyo kingamwili yako inaweza kushika mama na mtoto bila kubagua. Kwa kazi ya kutambua uvimbe hilo halidhuru. Kwa mtu anayetaka kujua ni umbo gani hasa limehifadhiwa, linaharibu kila kitu. Anayetafuta gastrini ana hali ngumu zaidi, maana asidi amino 5 za mwisho za gastrini na za kolesistokinini ni zilezile: kingamwili iliyoshika mkia huo itapaka zote mbili na haitakuambia.

Kuhusu fedha. Kichupa kilicho tayari kutumika, cha mililita 7, ukitumia mikrolita 150 kwa slaidi, kinakupa slaidi 46 hivi. Kichupa kilichokolea cha mililita 0.1, ukikizimua 1:400, kinatoa mililita 40, yaani slaidi zaidi ya 260. Sisi tunanunua iliyokolea. Ikifika tunaigawa mikrolita 10 kwa kila kijichupa na kugandisha, kila kijichupa kikitolewa mara moja tu, kwa sababu kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunaiua. Polima yenye peroksidasi usiigandishe kamwe. Inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8.

Umeme ukikatika, frigo iliyojaa hupoa muda mrefu kuliko frigo tupu. Tumejaza nafasi zote kwa chupa za maji yaliyoganda, na ndani tumeweka kipimajoto kinachokumbuka joto la juu kabisa lililofikiwa. Asubuhi ya kila Jumatatu mtu wa kwanza kufika anasoma namba hiyo na kuiandika kabla hajafungua kitu kingine.

Formalini: kesi nyingi hufia hapa

Tezi ikitoka kwa daktari, saa zinahesabiwa. Formalini hupenya polepole sana. Rovu la ukubwa wa ngumi likitumbukizwa zima ndani ya kopo la mayonezi, la nje linahifadhika, la katikati linaoza. Peptidi ndogo kama kalsitonini zinavuja kutoka kwenye seli zinazokufa na kusambaa jirani, na baadaye utaona ukungu wa kahawia usiojua unatoka wapi.

Waombe wa chumba cha upasuaji waikate tezi vipande vya milimita 5, wakiacha vishikane upande mmoja ili umbo lisipotee, na waweke formalini mara 10 ya ujazo wa tishu. Tuliwapelekea makopo yakiwa na mstari wa kalamu unaoonyesha formalini ifike wapi na tishu isizidi wapi. Mstari huo umefanya kazi kuliko barua zote tulizoandika.

Formalini ya 10% iliyotulizwa, kwa lita 1: formaldehidi ya 37 hadi 40% mililita 100, maji yaliyochujwa mililita 900, fosfati ya sodiamu yenye haidrojeni mbili (monohaidreti) gramu 4, na ile yenye haidrojeni moja, kavu, gramu 6.5. Usiache chumvi hizo ili kubana matumizi. Formalini isiyotulizwa huwa chachu, na uchachu ukikutana na damu unazaa punje za kahawia nyeusi. Unaona kahawia inavyotuandama.

Muda: saa 24 ndio ninaoupenda. Chini ya saa 6 tishu bado ni mbichi. Zaidi ya 72 protini zimefungana sana na peptidi inajificha. Operesheni ya Ijumaa, siku ya tano kama tunavyosema hapa, ndiyo hatari, kwa sababu kopo linakaa hadi Jumatatu na hakuna aliyeandika saa. Andika saa kwenye kopo. Kama hakuna wa kuja siku ya posho, yaani Jumamosi, kupitisha tishu, basi aje angalau kuihamishia kwenye alkoholi ya 70%.

Kukata

Baada ya alkoholi, zailini na parafini kama kawaida yenu, kata mikromita 3 hadi 4. Tumia slaidi zenye chaji, au zipake mwenyewe silani ya 2% ndani ya asetoni. Kwenye slaidi ya kawaida tishu itang'oka wakati wa kupika na utabaki na kioo kitupu. Andika kwa penseli, maana zailini inafuta wino. Kausha usiku mzima kwenye nyuzi 37, au saa 1 kwenye 60.

Kwa kila mgonjwa kata slaidi 6 mfululizo. Nitaeleza kazi ya kila moja.

Kisha ondoa parafini: zailini mara 3, dakika 5 kila mara; alkoholi ya 100% mara 2, ya 95%, ya 70%, dakika 3 kila moja; maji. Kuanzia hapa hadi mwisho tishu isikauke hata sekunde moja. Tishu iliyokauka hushika kingamwili kwenye kingo kama nguo inavyoshika vumbi.

Kupika, na maji ya Bukavu

Formalini imefunga protini kama kamba. Joto ndani ya bafa linalegeza kamba hizo ili kingamwili ipate mlango. Karatasi ya kingamwili yetu iliagiza nyuzi 98 kwa dakika 20. Niliweka chungu cha maji kwenye moto, nikatumbukiza kipimajoto, nikangoja. Maji yalichemka, yakaruka, yakamwagika, na kipimajoto kimeganda kwenye 95. Nikakitikisa. Nikaazima kingine kwa jirani. 95.

Kipimajoto hakikuwa na kosa. Ziwa Kivu liko mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu umepanda vilima juu yake. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema: karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Hapa na Goma maji huchemka kwenye 95 hivi. Lubumbashi, iliyo mita kama 1,200, yanafika 96. Moto uuongeze utakavyo, chungu wazi hakitapita hapo. Maelekezo yaliyoandikwa na watu wa pwani hayakulijua hilo, nasi tulipoteza miezi tukilaumu kingamwili iliyopaka kwa unyonge.

Dawa yake iko sokoni Kadutu: sufuria ya presha. Hata huku kwetu inapita nyuzi 110 bila shida. Tunafanya hivi:

1. Mimina bafa ya sitrati kwenye sufuria na uichemshe kifuniko kikiwa kimelegea. Kwa lita 1: sitrati ya sodiamu gramu 2.94, shusha pH hadi 6.0 kwa asidi ya haidrokloriki, ongeza Tween 20 mililita 0.5.
2. Tumbukiza slaidi zikiwa kwenye kishikio cha chuma, funga.
3. Presha ikipanda hadi mwisho na mvuke kupiga mluzi, hesabu dakika 3. Si kabla ya mluzi.
4. Toa motoni, shusha presha kwa maji baridi juu ya kifuniko, fungua, acha slaidi ndani ya bafa dakika 20 zipoe taratibu.

Umeme usipokuwepo tunatumia makala (mkaa) na mbabula (jiko lake). Lakini mbabula inakaa uani, si ndani. Chumba chenye zailini na alkoholi hakipokei kaa la moto.

Asiye na sufuria ya presha anaweza kubaki kwenye nyuzi 93 hadi 95 na kurefusha muda. Kwetu dakika 40 zilileta picha inayokubalika, ingawa hafifu kidogo. Kama sitrati haikuridhishi, jaribu Tris-EDTA ya pH 9.0: Tris gramu 1.21, EDTA gramu 0.37, Tween 20 mililita 0.5 kwa lita. Na jaribu slaidi moja bila kupika kabisa. Baadhi ya kingamwili za homoni za peptidi hazihitaji joto, na ukizipikia unaongeza uchafu wa nyuma tu.

Kuziba milango ya uongo

Bafa ya kuoshea, lita 1: Tris gramu 6.05, chumvi ya kawaida safi gramu 8.76, pH 7.6, Tween 20 mililita 0.5. Maji yawe yaliyochujwa, si ya bomba.

Seli nyekundu za damu zina peroksidasi yao, na tezi ya thairoidi ina ya kwake ambayo huitumia kutengeneza homoni. Formalini huidhoofisha, lakini usiiamini. Funika tishu kwa peroksidi ya haidrojeni ya 3% kwa dakika 10. Ile ya famasi iliyoandikwa "10 volumes" ndiyo 3%. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana huenda imekufa: dondoshea tone la damu, isipotoa povu, itupe.

Osha mara 2. Kisha albumini ya ng'ombe 1 hadi 3% ndani ya bafa, au seramu ya kawaida ya mnyama aliyetoa kingamwili ya pili, 5 hadi 10%, dakika 20. Usioshe baada yake, kung'uta tu.

Kuna kosa moja limewahi kutulaza njaa: azidi ya sodiamu. Ni kihifadhi kizuri kinachozuia kuvu kwenye bafa, na inaua peroksidasi. Mtu aliiongeza kwenye bafa ya kuoshea ili isiharibike, na kwa wiki 2 kila slaidi ilitoka safi, nyeupe, hata ile ya uhakika. Ndani ya kichupa cha kingamwili ya kwanza haina neno, kwani inazimuliwa na kuoshwa. Kwenye bafa ya kuoshea na karibu na polima, marufuku.

Kingamwili ya kwanza

Usichukue kipimo cha karatasi kama amri. Kata slaidi 4 za tishu yenye kalsitonini ya uhakika na uzipake 1:100, 1:200, 1:400 na 1:800. Utakayoichagua si iliyokolea kuliko zote. Ni ile ambayo seli C na jirani zake wanatofautiana zaidi. Kwa macho ya haraka 1:100 huvutia, kisha ukiangalia vizuri unaona hata koloidi, ule ute uliojaa ndani ya vifuko vya tezi, imekuwa kahawia.

Kwa 1:400, changanya mikrolita 2.5 za kingamwili na 997.5 za bafa yenye albumini 1%. Zinatosha slaidi 6. Usijaribu kupima mikrolita 0.5 kwa slaidi moja, pipeti yako haiwezi na mkono wako pia hauwezi.

Chumba cha unyevu ni kopo la plastiki la chakula lenye kifuniko, karatasi iliyolowa chini, mirija 2 ya soda imebandikwa sambamba, slaidi zinalala juu yake. Saa 1 kwenye joto la chumba, au usiku mzima kwenye nyuzi 4. Mimi napendelea usiku: kingamwili inatumika kidogo zaidi, uchafu unapungua, na kama umeme umekatika jioni hakuna kinachoharibika.

Kingamwili ya pili na DAB

Osha mara 3, dakika 5 kila mara, bila haraka. Weka polima inayolingana na mnyama wako (dhidi ya sungura, kama kingamwili ya kwanza ni ya sungura) kwa dakika 30. Kuna mfumo wa zamani wa bayotini ambao ni wa bei nafuu. Kwenye tezi ya thairoidi usiutumie: seli zilizojaa mitokondria zina bayotini yake nyingi, na kupika kunaifunua, nazo zitang'aa kahawia zote bila kualikwa.

Osha tena mara 3. Changanya DAB wakati ule ule wa kuitumia. Vaa glavu, kwani inashukiwa kusababisha saratani. Weka kwanza kwenye slaidi ya uhakika, tazama chini ya darubini, na punde seli zikiwa kahawia wazi andika umepita muda gani; mara nyingi ni kati ya dakika 3 na 8. Slaidi nyingine zote zipate muda uleule hasa, ziwe za mgonjwa au za kulinganishia. Ukiipa slaidi ya mgonjwa dakika 2 za ziada kwa sababu "inaelekea kupaka", umeshaandika jibu kabla ya kulisoma.

DAB iliyobaki na maji ya kwanza ya kuoshea yanakwenda kwenye dumu lenye maandishi na kifuniko. Sinki zetu zinaishia ziwani, na ziwani ndiko wanakotoka sambaza, samaki wadogo tunaowala. Usimwagie dawa ya klorini ukidhani unaisafisha; mchanganyiko huo unatoa vitu vibaya zaidi.

Hematoksilini ya Mayer sekunde 30 hadi 60, si zaidi, kwa sababu bluu nzito inafunika kahawia dhaifu. Maji ya bomba ya kuibadilisha rangi. Yakikataa, ongeza chembe ya bikaboneti. Kisha alkoholi kwa kupanda, zailini, gundi ya DPX, kioo kidogo juu.

Slaidi 6 na kazi zake

Ya kwanza inapata kila kitu. Ya pili inapata kila kitu isipokuwa kingamwili ya kwanza, na badala yake inawekewa kingamwili ya kawaida ya sungura kwa kipimo kilekile. Ya tatu inapata DAB tu, bila kingamwili yoyote. Ya nne hematoksilini tu. Ya tano ni ya kupaka buluu ya Perls, inayoonyesha chuma. Ya sita ni akiba.

Ukiziweka kwa safu, kahawia inakosa pa kujificha. Kahawia iliyoko kwenye ya nne ni rangi ya tishu yenyewe: hemosiderini, ambayo kwenye ya tano itakuwa buluu, au punje za formalini chachu, ambazo Perls haitazigusa. Haipo kwenye ya nne bali ipo kwenye ya tatu? Peroksidasi ya tishu haikuzibwa. Inaanza kwenye ya pili? Kosa liko kwa polima au hukuziba vizuri kwa albumini. Iliyopo kwenye ya kwanza peke yake ndiyo unayoruhusiwa kuifikiria.

Hiyo ni upande wa uongo wa "ndiyo". Kwa uongo wa "hapana" unahitaji tishu ya uhakika kila siku ya kazi. Bloku ya saratani ya medula iliyothibitishwa ni dhahabu; omba vipande kwa wenzako wa miji mingine. Usipoipata, tezi ya kawaida ya binadamu inafaa, ila uchukue sehemu ya kati na juu ya bawa la pembeni. Kwenye daraja la katikati utatafuta seli C hadi jioni. Mimi natumia tezi ya panya wa maabara. Panya ana seli C nyingi kuliko sisi, na kalsitonini yake inatofautiana na ya binadamu kwa asidi amino 2 tu, kwa hiyo kingamwili nyingi dhidi ya ya binadamu zinaikubali. Ihakikishe ya kwako mara moja kabla ya kuitegemea.

Kila kichupa cha toleo jipya tunakifanyia pia jaribio la kushibisha. Changanya kingamwili iliyozimuliwa na peptidi ya kalsitonini ya binadamu, mikrogramu 10 kwa mililita, ilale usiku mzima kwenye nyuzi 4, kisha uitumie kama kawaida. Kahawia ya kweli inapaswa kutoweka. Ikibaki, inashika kitu kingine. Usidanganywe kutumia kalsitonini ya samaki salmoni kwa kuwa ipo kama dawa: karibu nusu ya asidi amino zake si sawa na zetu. Na hata jaribio likifaulu, linathibitisha tu kwamba kingamwili inashika peptidi hiyo. Haliondoi jamaa mwenye kipande kilekile. Rudi kwenye habari ya gastrini hapo juu.

Kusoma

Kalsitonini ya kweli iko ndani ya saitoplazimu, punje punje, kwa sababu imefungwa kwenye vijifuko vya seli. Kiini kisiwe kahawia. Kingo za tishu, mikunjo, sehemu zilizokufa na koloidi ndani ya vifuko, usizihesabu. Katika uvimbe wa medula rangi haiwi sawasawa. Seli moja imejaa, jirani yake tupu, na hilo ni la kawaida.

Usisimame kwenye kingamwili moja. Uvimbe wa medula kwa kawaida unakubali pia CEA (protini inayotolewa na baadhi ya saratani) na kromogranini, na unakataa thairoglobulini, huku kile kitu cha waridi kikipakwa Kongo nyekundu kinang'aa kijani cha tufaha chini ya mwanga uliochujwa kwa vichujio vya polaraiza. Kumbuka kwamba uvimbe mwingine wa neva-endokrini, wa mapafu au wa koo, unaweza nao kutoa kalsitonini. Na uvimbe uliokengeuka sana unaweza kuikosa: slaidi inaonyesha peptidi iliyohifadhiwa, na seli inayotoa kila inachotengeneza haina akiba ya kuonyesha.

Kwenye ripoti andika kingamwili na namba ya toleo, kipimo, njia ya kupika, na majibu ya slaidi za kulinganishia, si neno "chanya" peke yake. Ikiwa ni medula kweli, usingoje karatasi itembee. Mpigie daktari simu siku hiyohiyo, maana huenda anapanga kumrudisha mgonjwa mezani kutoa mitoki ya shingo. Katika umbo la kurithi, mtu huyohuyo anaweza kuwa na uvimbe wa tezi ya adrenali unaoitwa feokromositoma, ambao haujamuuma wala haujulikani, na ambao chini ya dawa ya usingizi unaweza kupandisha presha ya damu hadi kumuua. Adrenali zichunguzwe kwanza, ndipo kisu kirudi.